Mvuke tunaoumwaga usiku ungetupatia mbolea

Kwa Mhariri,

Mlangoni kwangu hapa Njoro nimetandika gunia tupu la mbolea, la kupangusia miguu kabla ya kuingia ndani. Limepauka kwa jua lakini maandishi bado yanasomeka: kilo 50, Urea, N 46%. Mimi ni mkulima wa mahindi, ekari tatu tu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha, kwa miaka 28. Kwa hiyo hiyo herufi N, yaani nitrojeni, naijua kwa pande mbili. Shambani naijua kwa rangi ya majani, na kazini nilikuja kuijua kwa hesabu. Naandika kwa sababu kila gesi ya haidrojeni inapotajwa redioni nasikia habari ya magari, ndege, na meli zitakazobeba bidhaa yetu kwenda Ulaya. Habari ya gunia hili sijaisikia bado, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofaa kutangulia.

Wacha nianze na mwaka 2022. Mwezi Machi nilikwenda Nakuru mjini na pesa za magunia sita kwa bei niliyoijua: matatu ya DAP ya kupandia, matatu ya kukuzia. Bei ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa gunia. Nilirudi na matatu. Nikapanda vizuri, mvua ikaja, mahindi yakaota kama kawaida, na jirani zangu wakaniambia shamba limependeza. Halafu ukafika wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia, na sikuwa nayo. Aliyelima anajua kinachofuata. Majani ya chini yalianza kugeuka manjano kuanzia ncha, na ile manjano ikawa inaingia ndani ya jani kwa kufuata mshipa wa katikati, pembeni bado kijani, mfano wa ulimi. Baada ya wiki mbili jani lote limekauka na manjano imepanda kwenye jani la juu yake. Mmea unajila wenyewe, unanyonya nitrojeni kutoka kwa majani mazee ili kulisha machanga. Nilikuwa napita katikati ya mistari asubuhi nikihesabu majani yaliyokufa, na hakuna nilichoweza kufanya. Mwaka wa kawaida ekari moja hunipa magunia 20. Mwaka ule nilivuna 11.

Muuzaji wa dukani aliniambia ni vita vya Ukraine. Hakukosea, ila alinipa nusu ya habari. Bei ya mbolea ilikuwa imeanza kupanda mwaka 2021, kabla risasi haijalia, kwa sababu bei ya gesi asilia ilikuwa imepanda. Nilijiuliza: mahindi ya Njoro yanahusiana vipi na gesi? Hapo ndipo nilipoitafuta haidrojeni, mimi niliyekuwa nimeizoea kama gesi ya kupozea jenereta kubwa.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 yake ni nitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuila ilivyo. Lazima kwanza ifungwe na haidrojeni ili iwe amonia. Mjerumani Fritz Haber aligundua njia mwaka 1909, mwenzake Carl Bosch akaikuza hadi kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Tangu hapo dunia haijageuka nyuma. Nitrojeni inapatikana bure popote. Kinachogharimu ni haidrojeni. Na haidrojeni hiyo, karibu yote, hupatikana kwa kuipasha joto kali gesi asilia pamoja na mvuke mpaka iachane na kaboni yake. China hutumia makaa ya mawe, na hapo uchafu ni maradufu. Kila kilo moja ya haidrojeni iliyotoka kwenye gesi huacha karibu kilo kumi za hewa ya ukaa angani.

Sasa rudi kwenye gunia langu. Nimepiga hesabu mara kadhaa kwa penseli na inatoka vilevile: gunia la yuria la kilo 50 linaacha nyuma yake zaidi ya kilo 50 za hewa ya ukaa. Hewa hiyo inapita uzito wa mbolea yenyewe. Sehemu hutoka kwenye dohani la kiwanda. Sehemu nyingine hufungwa ndani ya zile chembe nyeupe, inasafiri nayo baharini hadi Mombasa, inapanda lori hadi Nakuru, kisha inaachiliwa hapa hapa shambani mbolea inapoyeyuka. Kutengeneza amonia peke yake kunachangia zaidi ya asilimia moja ya uchafuzi wote wa hewa ya ukaa duniani. Sisi wakulima tunaambiwa kila siku kwamba ukame na mafuriko vinatokana na mabadiliko ya tabianchi, na ni kweli, nimeviona. Lakini nani ametuambia kwamba sehemu ya tatizo imeshonwa ndani ya gunia tunalopigania foleni?

Ndiyo maana namuomba msomaji aliye na haraka ya kushangilia haidrojeni asimame kidogo. Haidrojeni haizaliwi safi. Mwaka 2023 dunia ilitumia tani milioni 97 hivi za haidrojeni, na isiyofika asilimia moja ndiyo iliyopatikana kwa njia safi. Iliyobaki ilitoa zaidi ya tani milioni 900 za hewa ya ukaa. Maana yake, kabla ya kuitafutia haidrojeni kazi mpya, kuna kazi za zamani inazozifanya kwa mikono michafu: mbolea, kusafisha mafuta, kemikali za viwandani. Kuisafisha pale ilipo tayari ndiyo faida ya kwanza kwa tabianchi, na ndiyo iliyo karibu zaidi.

Na hapa ndipo zamu zangu za usiku zinapoingia.

Saa sita ya usiku ikipita, nchi inalala. Wasimamizi wa gridi walikuwa wanatupigia simu kutuambia tushushe umeme. Lakini kisima cha mvuke si jiko la gesi la kuzungusha kitufe. Ukikifunga na kukifungua ovyo, bomba lililovishwa ndani yake linapoa, linasinyaa, linatanuka tena, saruji inayolishikilia inapasuka, na unaweza kukipoteza kisima kilichogharimu mamia ya mamilioni. Kwa hiyo tulikuwa tunapunguza mvuke unaoingia kwenye tabaini inayozungusha jenereta, na uliobaki tunaugeuzia kwenye sailensa. Hiyo ni kama mnara mfupi, mnene, wa kutuliza kishindo. Hata ukitulizwa bado unanguruma mpaka unausikia kwenye mbavu. Wingu jeupe linapanda, linafunika nyota, na harufu ya yai viza inakaa kwenye nguo mpaka mke wangu alikuwa ananivulisha koti nje ya nyumba. Nilikuwa nasimama pale na tochi na kofia ngumu nikitazama mvuke uliochimbwa kutoka kina cha kilomita mbili, wakati mwingine tatu, kwa mikopo ambayo wewe na mimi tunailipa kwenye bili ya stima, ukienda angani bila kuwasha hata balbu moja. Nimeuona usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Nilistaafu na jambo hilo moyoni.

Mwezi Februari 2025 mahitaji ya umeme nchini yalivuka megawati 2,300 saa za jioni. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu. Mvuke wa ardhini haujui jioni wala usiku, unakuja tu. Ukipeleka umeme wa saa hizo kwenye elektrolaiza, yaani mtambo unaopasua maji kuwa haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, unapata haidrojeni bila gesi asilia na bila makaa ya mawe. Kila kilo inakula uniti 50 hadi 55 hivi za umeme. Gunia la CAN, mbolea ya kukuzia, la kilo 50 linahitaji karibu kilo tatu za haidrojeni, kwa hiyo ni kama uniti 150. Nyumba yangu hutumia uniti 30 kwa mwezi. Gunia moja la mbolea safi ni umeme wa nyumba yangu wa miezi mitano. Si kidogo hata kidogo, na nisingependa mtu yeyote afichwe hesabu hiyo. Ila umeme ninaouzungumzia ni ule ambao leo mvuke wake tunaumwaga.

Nimesema CAN makusudi. Yuria inahitaji kaboni ndani yake, hivyo huwezi kuitengeneza kwa maji, hewa na umeme peke yake. Lazima kaboni itoke mahali. Mvuke wa Olkaria wenyewe una hewa ya ukaa kidogo inayotoka na gesi nyingine, na huenda siku moja ikatumika, lakini CAN haina haja ya hiyo. Unaichukua amonia, unaifanya tindikali ya nitriki, unaichanganya na amonia nyingine, kisha chokaa. Chokaa tunayo hapa nchini.

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ufundi aliwahi kuniuliza: kama ni umeme wa usiku tu, mchana kiwanda kitakaa bure? Swali zuri sana. Elektrolaiza unaweza kuipandisha na kuishusha, inavumilia. Tanuri la amonia halivumilii. Lile linafanya kazi kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 na mgandamizo wa zaidi ya mara mia moja ya ule wa hewa ya kawaida, na ukilizima kila asubuhi utalivunja kama vile kisima changu kinavyovunjika. Kwa hiyo katikati yake lazima kuwe na matangi ya haidrojeni. Usiku unajaza, mchana unachota pole pole, tanuri haliguswi. Matangi hayo ni ghali. Lakini ni kazi ya mabomba, vali na geji, na kazi hiyo vijana wetu wa Olkaria wanaijua kuliko watu wengi duniani. Kituo cha kwanza pale kiliwashwa mwaka 1981. Hatuanzi na sifuri.

Lakini jioni, Mhariri, jioni elektrolaiza izimwe kabisa. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo mambo yanapoweza kuharibika huku kila mtu akipiga makofi. Kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku gridi yetu huzidiwa, na hapo majenereta ya mafuta mazito huwashwa. Ukiendesha elektrolaiza kwa umeme wa mafuta hayo, kila kilo ya haidrojeni itakuwa imetoa zaidi ya kilo 30 za hewa ya ukaa. Ile ya gesi asilia tunayoilaumu inatoa kumi. Utakuwa umejenga kiwanda cha “kijani”, yaani safi, kinachochafua mara tatu kuliko kile cha gesi asilia, na juu ya hapo umewazimia watu wa Kisumu stima wakila chakula cha jioni. Tangu mwishoni mwa 2017 viwanda vimekuwa vikipewa bei nafuu ya umeme wa usiku. Yeyote atakayejenga kiwanda cha haidrojeni apewe bei hiyo, tena nafuu zaidi, lakini mkataba useme wazi saa za kuzima, na mita iwe wazi kwa umma.

Wapo watakaosema hii ni ndoto ya Wazungu tunayoletewa. Waulize watu wa Aswan. Mwaka 1960 Misri ilikuwa inatengeneza mbolea kule Aswan kwa haidrojeni iliyotokana na maji na umeme wa bwawa. Waulize watu wa Kwekwe, Zimbabwe. Kiwanda cha Sable kilifanya hivyo hivyo tangu miaka ya 1970, kikiwapa mbolea wakulima wa mahindi wa nchi ile kwa miaka ipatayo 40. Wakati huo hakuna aliyekuwa anazungumzia tabianchi. Walikuwa na umeme wa maji, walihitaji mbolea, wakaifanya. Na wala sitaficha mwisho wake: Aswan baadaye ilihamia gesi asilia, na Kwekwe walizima mitambo ya kupasulia maji mwaka 2015 kwa sababu umeme haukutosha na bei haikulipa. Ukijenga kitu hiki juu ya umeme ghali au unaokatika, kitakufa, hata kikizinduliwa na marais kumi. Bei ya umeme ndiyo moyo wake. Ndiyo sababu narudi kwenye mvuke wa usiku, ambao kisima chake kimeshachimbwa na gharama yake imeshaingia kwenye bili zetu.

Naona pia niseme neno kuhusu chuma, maana nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote. Kila kisima cha Olkaria kimevishwa mabomba ya chuma, na mabati ya paa langu yametokana na koili zilizotoka nje. Sehemu kubwa ya chuma cha dunia huyeyushwa kwa makaa ya mawe, na kila tani moja ya chuma hicho huleta kama tani mbili za hewa ya ukaa. Kazi ya yale makaa si joto pekee. Yanatumika kuiondoa oksijeni iliyoshikana na madini, na haidrojeni inaweza kuifanya kazi hiyo hiyo: inaikamata oksijeni na kutoka kama maji. Kule Luleå, Uswidi, walifaulu mwaka 2021 kupata chuma kwa njia hiyo kwenye mtambo wa majaribio wa mradi wa HYBRIT. Chuma kinabeba karibu asilimia 7 ya uchafuzi wa hewa ya ukaa duniani, kwa hiyo siku njia hii ikienea, faida yake itakuwa kubwa kuliko ya mbolea. Sisi bado hatujafika hapo. Viwanda vyetu vingi huyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, na hiyo tayari ni nafuu. Ila nchi ambazo makaa ya mawe yamejaa kwenye matanuri yao, huko haidrojeni ipelekwe bila kuchelewa.

Magari sasa. Hapa nakataa. Pikipiki ya umeme ukiichaji moja kwa moja kwenye plagi, sehemu kubwa ya umeme uliouweka inafika kwenye gurudumu. Ukichukua umeme ule ule ukapasulia maji, ukaishindilia haidrojeni kwenye tangi, kisha ukaigeuza tena umeme ndani ya gari, unabaki na kama theluthi moja. Mbili umezitupa njiani. Kijana wa boda hapa Njoro anayehesabu shilingi ya chaji hawezi kubeba hasara hiyo, na nchi inayokatiwa stima jioni haiwezi pia. Kupikia vilevile. Haidrojeni ipewe kazi ambazo stima ya waya haiwezi kuzifanya: mbolea, chuma, labda meli kubwa za safari ndefu. Kwingine tutumie waya.

Nilikuwa fundi, kwa hiyo uvujaji siwezi kuupita kimya. Mvuke ukivuja unauona na unausikia. Haidrojeni huioni, huinusi, na ikishika moto mchana mwali wake ni vigumu kuuona kwa macho. Tuliokuwa karibu na jenereta zinazopozwa kwa gesi hii tulifundishwa kuogopa. Ni gesi nyepesi kuliko zote na chembe zake ni ndogo sana, inapenya kwenye gaskiti ambayo mvuke usingeipita. Na ikifika angani inavuruga kemia ya hewa na kuifanya methani, gesi nyingine inayoongeza joto, ikae muda mrefu zaidi, hivyo ukiipima kwa miaka mia moja madhara yake kwa joto la dunia ni kama mara 11 ya hewa ya ukaa kilo kwa kilo. Kiwanda kinachovuja kinakula faida yake chenyewe. Amonia nayo inaua. Kwa hiyo nitaomba jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano mikubwa: walipwe vizuri wakaguzi wa flenji, yaani maungio ya mabomba, na vali, tena wale wenye uwezo wa kusema “simamisha mtambo” bila kuogopa kupoteza kazi.

Na sisi wakulima tusidhani tumeoshwa. Mbolea ikishaingia udongoni, hata ikiwa imetoka kwenye mvuke safi wa Olkaria, sehemu ya nitrojeni yake hugeuka oksidi ya naitrasi, gesi inayozidi hewa ya ukaa mara 270 hivi kwa kushika joto. Ukimwaga gunia zima mahali panapotosha nusu, na siku hiyo mvua kubwa ikanyesha, umechafua mto na hewa kwa pamoja. Mwaka juzi nilipima udongo wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuta ekari moja kati ya tatu haikuhitaji kiasi nilichokuwa nikiweka. Sasa naweka kwa kijiko cha chakula, kando ya shina, mara mbili badala ya mara moja. Mavuno hayakushuka.

Serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani mwezi Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika pale Nairobi. Nimeusoma. Nilifurahi kuona mbolea imewekwa mbele: lengo la kufikia 2027 ni kama tani 100,000 kwa mwaka za mbolea ya nitrojeni, karibu moja kwa tano ya tunayoagiza. Tena mtambo mdogo wa aina hii, wa tani moja ya amonia kwa siku kwa umeme wa jua, umekwishajengwa kwenye shamba moja Naivasha. Kwa hiyo si maneno matupu. Wasiwasi wangu ni mahali pengine. Ulaya inatafuta amonia safi na ina pesa kutuzidi. Namibia imeshapanga mradi mkubwa wa kuuza nje. Mwekezaji akija Olkaria na Mombasa ikiwa na bandari, ni rahisi sana amonia ishuke kwa lori hadi melini, halafu mwezi Machi sisi tupange foleni ya mbolea iliyotengenezwa kwa gesi ya mtu mwingine. Kwa tabianchi, tani moja ni tani moja popote inapotumika, hilo nalijua. Lakini amonia iliyosafirishwa nusu ya dunia, huku mbolea chafu ikija kwa meli nyingine upande wa pili, ni mafuta ya meli yanayochomwa mara mbili kwa jambo moja.

Maji yataulizwa, na ni haki yaulizwe. Kilo moja ya haidrojeni inakunywa lita tisa kwa hesabu ya kemia, na kwa vitendo ni zaidi ukiongeza ya kusafishia na kupozea. Ziwa Naivasha lina wenyewe: wavuvi, wafugaji, mashamba ya maua, viboko. Wamaasai waliozunguka Olkaria wameshahamishwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya mvuke. Hao waketi mezani kabla ya mkataba kuandikwa, na karatasi zisomwe kwa Kimaasai na Kiswahili. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha maoni ya umma ambapo mtaalamu alizungumza Kiingereza saa nzima, kisha akauliza kama kuna swali. Mama mmoja akasimama akasema, “Rudia yote, kwa lugha yetu.” Kikao kilikwisha hivyo.

Naiomba wizara inayohusika na kawi ijibu kupitia ukurasa huu maswali mawili tu. La kwanza: usiku wa jana, kati ya saa sita na saa kumi na moja alfajiri, mvuke wa megawati ngapi ulimwagwa Olkaria? Takwimu hiyo ipo, sisi wenyewe tulikuwa tunaiandika kwenye daftari la zamu. La pili: katika hizo tani 100,000, mkataba gani unasema zitauzwa kwa mkulima wa hapa kwanza, na kwa bei gani ikilinganishwa na gunia la ruzuku la shilingi 2,500?

Hapa kwetu tunapanda mvua za Machi zikishika. Pesa za magunia sita nitaanza kuzitafuta Januari.

Fundi mstaafu na mkulima,
Njoro, Nakuru